Vikombe Vidogo vya Meza ya Bwana

Jumapili, 2 Machi

Shangazi wa mke wangu amehamia chumba chetu cha nyuma, kutoka kambi ya wakoma. Amepona zamani — daktari ameandika na kugonga muhuri. Vidole tu ndivyo ambavyo havikurudi. "Ugonjwa uliponiaga ulidai nauli," anasema, "nikaulipa vidole." Mke wangu alicheka hadi akafuta macho.

Leo nimekwenda naye kanisani. Mimi ni mzee wa kanisa na ndimi mshika kikombe. Kwetu tunanywea kikombe kimoja, wote. Akanywa. Nikafuta ukingo kwa kitambaa, kama nifanyavyo kwa kila mtu. Aliyemfuata akageuka, akarudi kwenye benchi. Kisha wa nyuma yake. Kisha wengine. Nikabaki nimesimama na divai yangu. Kwaya ilimaliza beti zote ikaanza upya.

Alhamisi, 6 Machi

Kibandani kwangu, ninapotengeneza saa. Fundi viatu wa jirani alikuja kuchukua saa yake. "Mzee, mnalala naye nyumba moja kweli? Basi usinipe mkononi, iweke hapo mezani." Utani. Lakini saa aliiokota kwa leso.

Jumamosi, 22 Machi

Kikao cha wazee. Mama mweka hazina alisema wazi: Shangazi apelekewe divai nyumbani, "kwa heshima yake." Mchungaji akakumbusha kwamba Bwana aliwagusa wenye ukoma kwa mkono wake mwenyewe. Wakaitikia amina, wakaendelea na hoja ileile. Kura ilikuwa inakuja na nilijua itaangukia wapi. Ndipo nikatoa wazo: vikombe vidogo, kila mtu chake, kwenye sinia. Hakuna wa kumkwepa mwenzake.

Walikubali wote, hata walioninunia. Nilirudi nyumbani mwepesi, nikamweleza Shangazi. Akasema, "Haya, mkwe. Mradi nikae na watu."

Jumapili, 6 Aprili

Sinia ni zito, linataka mikono miwili. Vikombe vya kioo, vidogo kama kastabini, vimezama kwenye matundu yake hadi shingoni.

Shangazi alikuja amefunga kitambaa kipya kichwani. Akaweka kiganja juu ya kikombe. Hakikutoka. Akajaribu cha pembeni. Akakibana kwa viganja vyote viwili — kikapanda kidogo, kikateleza, kikamwagika.

Kutwa nzima kazi yangu ni kushika skrubu za saa kwa kibano! Na kila asubuhi namwona akikumbatia kikombe cha chai kwa viganja. Sikufikiri.

Mikono yangu ilikuwa kwenye sinia. Nikamtazama mzee mwenzangu mwenye mkate. Akatazama mkate.

"Shikilia sinia, mkwe, usije ukamwaga na vya wenzangu," Shangazi akaninong'oneza. Akarudi kukaa, mdomo mkavu. Mstari ukasogea. Safari hii hakuna aliyegeuka. Walikunywa wote.

Baada ya ibada nilimwomba mchungaji kikombe cha zamani, kwa ajili yake tu. Kimo kabatini, nimekiona. Alisema kikao ndicho kilichoamua, kikao ndicho kitakachotengua, tusubiri. Mama mweka hazina alikuwa anakunja vitambaa. "Kwani si wazo lako, mzee?"

Ndiyo. Langu.

Jioni. Chakula chake hakijaguswa. Ng'ambo ya ukuta nasikia zipu ya begi: inakwama, inaanza upya, inakwama. Mke wangu alitaka kumsaidia, akaambiwa, "Acha, mwanangu, nina usiku mzima." Sasa amekaa kitandani kwetu ananitazama mimi, kama kwamba ninalo la kufanya.

Shangazi amegonga ukuta. Anauliza gari la kule kambini huondoka saa ngapi.

Mimi, fundi saa, nimejibu sijui.

Anagonga tena.