Kimanzi Aliyechinjwa Kawangware

Kambi Muru, Kibera,
Nairobi.
Jumapili, 8 Machi 2026.

Mpendwa ndugu yangu Kimanzi,

Pokea salamu zangu na za Mama. U mzima? Siku nyingine ningeuliza hivyo kwa mazoea tu na kurukia habari zangu kabla hujajibu, unanijua. Leo nauliza kwa kuuliza. U mzima? Unakula? Ile homa uliyoitaja Novemba iliisha? Huko Juba kuna mtu wa kukuletea maji ukilala mgonjwa?

Sisi huku tuko salama, ingawa mwandiko utauona mwenyewe umekwenda upande. Mama yuko hapa kwangu tangu Desemba kwa ajili ya kliniki ya macho. Jicho la kulia limepata nafuu, la kushoto bado lina ukungu. Mdomo hauna ugonjwa wowote, bado ananiambia chapati zangu ni ngumu.

Utashangaa kupata karatasi katika siku hizi za simu. Yako haipatikani tangu katikati ya Novemba. Nikipiga naambiwa nijaribu baadaye, na hiyo baadaye nimeijaribu mpaka nimechoka. Isitoshe, ujumbe mfupi wa simu ndio ulioleta mambo ninayotaka kukueleza, na tangu Jumanne siuamini tena. Barua hii anaibeba Wabwire, mpangaji mwenzangu wa mlango wa tatu kwenye ploti yetu, ambaye huendesha lori la saruji mpaka huko. Ameapa atafika kwenye ile hoteli unakofanya kazi ya umeme na kukutia barua mkononi.

Nianze na darasa, maana huko ndiko jambo lilikoanzia. Bado tunafundisha kompyuta mimi na Adhis, kwenye kile chumba cha kanisa Soweto East. Wanafunzi ni kumi na wanne, kina mama na wasichana wanaotafuta kazi za ofisi. Mashine ni sita, zote kuukuu, na mwaka jana Windows yao ikaachwa kutunzwa. Ukiwasha moja, unaweza kwenda kununua maandazi na kurudi ukaikuta bado inawaza. Adhis alisema tununue mpya. Nilicheka mpaka akakasirika. Tukakubaliana tuziongeze nguvu tu: RAM kidogo, zile diski za SSD, betri ndogo za saa, zitusukume mwaka mwingine au miwili.

Kutafuta hivyo vipuri, ndugu yangu, kumenitoa jasho. Mjini wanakutazama viatu kwanza kabla ya kukujibu. RAM za mashine za zamani hawataki hata kuzisikia, na za mashine mpya bei imepanda, ukiambiwa unarudisha mkono kwenye mkoba polepole. Siku moja nilipata kipande kizuri kinang'aa kwa mchuuzi wa barabarani, nikakinunua mbio mbio asije akabadilisha nia. Kufika darasani, kumbe ni cha laptop, kifupi, hakishiki popote. Adhis hajaacha kunicheka. Mwishowe mwanafunzi wetu mmoja, Eddah, akanielekeza Kawangware kwa fundi anayeitwa Khamala.

Khamala ana kibanda cha mabati karibu na stegi ya matatu za namba 46, kimejaa kompyuta zilizotupwa na maofisi mpaka yeye mwenyewe hukaa nje. Ukimpelekea mashine tatu zinazougua, atakurudishia mbili zinazokimbia. Ile ya tatu huichinja, ndivyo mafundi wanavyosema: huifungua, akatoa RAM, diski, feni, nyaya, kila kinachofaa, na bati likaenda kwa wauza vyuma. Bei yake ni ya watu kama sisi, na hupima kila kipande mbele ya macho yako. Ana tabia moja tu. Kwake kila mashine ni mtu. "Huyu ana homa," anasema, ameweka kiganja juu ya bati. "Huyu mzee, lakini moyo uko sawa." Mara ya kwanza niligeuka kumtafuta huyo mzee.

Ili asichanganye vipuri, sisi nasi tuliziita mashine zetu majina ya walioziacha. Kuna Chris, kuna Sista, kuna Mwalimu. Na kuna Kimanzi, ile yako ya kijivu uliyoniachia ulipoondoka, yenye karatasi ya gundi uliyobandika ubavuni na kuandika kwa mkono wako: KIMANZI. USIGUSE. Nisamehe, niligusa. Mwezi uliopita ilianza kujizima yenyewe na kunuka kuungua, nikampelekea Khamala pamoja na nyingine mbili. Nikamwambia akiona haiponi aimalize tu, asinipigie kuniuliza.

Sasa Jumanne. Nilikwenda darasani nikaacha simu nyumbani kwenye chaji. Mama huketi kando yake. Tangu uliponyamaza, simu ikilia tu humwita yeyote aliye karibu amsomee, maana huenda ni wewe. Siku hiyo aliyekuwa karibu ni Filister, jirani yangu anayeuza dagaa wa omena. Ujumbe ulikuwa huu, naunakili neno kwa neno:

"Kimanzi ameungua ndani hawezi pona. Nimemchinja leo asubuhi. Kuja na gunia uchukue zake. Usiambie mtu."

Hilo la mwisho lilikuwa kuhusu bei. Khamala alikuwa amenipunguzia na hakutaka wateja wengine wa Kibera wadai vivyo hivyo. Lakini Filister angejuaje? Ananiambia kwamba alipotaja jina lako, Mama alipiga makofi. Alipiga makofi, Kimanzi, akasema, "Si niliwaambia!" Naye Filister akaendelea kusoma kwa sauti, kwa sababu mdomo ulikuwa umeshayatangulia macho.

Mayowe ya Mama yaliijaza ploti watu. Tonny, yule kinyozi wa pale mbele, akachukua simu yangu akaipiga namba ile, akaweka sauti kubwa kila mtu asikie.

"Wewe buda, ni wewe umechinja Kimanzi?"

"Eeh, ni mimi," Khamala akajibu, na najua alijivuna, ndivyo alivyo. "Alikuwa ameungua kitambo. Wanza mwenyewe ndio alisema nimmalize."

Tonny, aliposikia jina langu, akakata simu. Hakuna aliyeona haja ya kuuliza zaidi.

Mimi nilikuwa njiani narudi, nikasikia vilio, nikaanza kukimbia nikidhani Mama ameanguka. Nilipofika mlangoni pa ploti watu waliniachia njia. Hakuna aliyenisalimu. Mama mmoja ambaye nimemwombea mtoto wake ada kanisani alisema, "Ndio huyo. Ameuza ndugu yake." Mwingine akataja shamba letu la urithi la Mutomo. Mwanamume nisiyemjua alikuwa ameshika jiwe, amelishika chini kando ya paja, bila haraka. Nimeishi Kibera miaka kumi na tisa, nimeona mtu akiitwa mwizi saa tisa na saa tisa na nusu hayupo. Niliogopa, Kimanzi.

Tonny akanisukumia simu usoni. "Soma."

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia hata Adhis. Mimi ndiye niliyeita ile mashine jina lako. Mimi ndiye niliyempelekea Khamala, na namjua anavyosema. Lakini niliposoma maneno yale sikuona mashine yoyote. Nilikuona wewe. Niliona umelala mahali fulani huko, umeungua na nyaya za umeme, na watu wamekutia kwenye gunia. Nilikaa kwenye matope mbele ya watu wote nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Nadhani hilo ndilo lililoniokoa, kwa sababu walisita. Yule wa jiwe alimtazama Tonny. Nami nikiwa pale chini nililirudia lile neno, gunia, gunia, mpaka nikakumbuka. Wiki iliyotangulia nilikwenda kwa Khamala na mfuko wa karatasi, ukapasuka, vipuri vikamwagika barabarani, na Khamala akaniambia siku nyingine nije na gunia kama watu wazima.

"Mpigieni tena," nikasema. "Mwambieni atume picha ya Kimanzi."

Hapo nilikosea tena, maana Filister alipiga kelele na kujifunika uso kwa kanga, na watu wakaanza kuguna kwamba huyu mwanamke ana roho gani. Lakini Tonny alipiga. Tulingoja. Sijui tulingoja muda gani, kwangu ulikuwa mrefu. Picha ikaingia: bati la kijivu limefunguliwa, nyaya zinaning'inia, na ubavuni karatasi yako ya gundi. KIMANZI. USIGUSE.

Tonny ndiye aliyeanza kucheka. Kisha wote. Walicheka mpaka wengine wakajishika ukutani, na mpaka leo nikipita kwa kinyozi wananiuliza kama marehemu amewashwa. Yule mwanamume aliliweka jiwe lake kando ya mlango wangu, kwa adabu kabisa, akaenda zake. Lipo pale bado. Sijaweza kuliondoa. Nami nilicheka na wao, huku meno yakigongana.

Mama hakucheka. Aliomba simu, akaisogeza karibu na jicho lake zuri, akaitazama ile picha. Akasema kwamba ameelewa, hiyo ni mashine. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu:

"Na yule wangu?"

Nilifungua mdomo kumwambia uko salama. Nilitaka kusema hivyo. Nikatafuta ni nani aliyeniambia, na ni lini, nikakosa. Tulikuwa tumethibitisha mbele ya ploti nzima kwamba mashine ndiyo iliyokufa, na habari zako wewe tulikuwa hatuna hata moja.

Tangu siku hiyo naogopa simu ikilia na naogopa isipolia. Mama anakula vijiko viwili vitatu anaacha. Haniulizi tena, na hilo ndilo linanitisha zaidi, maana unajua yeye alivyo na maswali. Ndugu yangu, kama simu iliibwa, sema. Kama kazi iliisha na unaona aibu, hiyo aibu ni ya nini kwetu? Kama umeoa huko bila kutuambia nitakugombeza mwezi mmoja tu kisha nitashona nguo ya kuja kumwona. Lolote tutalibeba. Hili la kutojua limetushinda.

Khamala anakuomba msamaha ingawa hajawahi kukuona. Sikumgombeza sana, alikuja mwenyewe kutoka Kawangware na vipuri mgongoni akamwinamia Mama. Sasa ananiandikia "mashine Chris", "mashine Sista", neno mashine mbele ya kila jina. RAM yako tumeitia kwa Sista na inafanya kazi vizuri ajabu. Feni yako iko kwa Mwalimu. Darasa linaendelea.

Kilichobaki ni diski yako. Ni ile ya zamani inayozunguka, lakini Khamala ameipima anasema ni nzima kabisa, tuifute tuitie kwa Chris, ambayo yake imekufa. Adhis naye ananisukuma kila siku, kwa sababu wanafunzi wawili wanabanana kwenye mashine moja. Ana haki. Lakini ndani kuna picha zako, kuna ile barua ya kuomba kazi uliyoiandika mara kumi na moja, kuna sauti yako ukiimba kwenye harusi ya binamu yetu Mutheu, tena vibaya. Nimeifunga kwenye leso nikaiweka kwenye mkebe wa sukari. Mimi niliyekuwa nikiwaambia wanafunzi kila wiki kwamba kufuta ni kubonyeza tu, siwezi kubonyeza. Nitaifuta siku utakaponiambia wewe mwenyewe.

Mutheu anakusalimu kutoka Mutomo, na mtoto wake ameshaanza kusimama. Mjomba Kitheka anasema yule ng'ombe wako amezaa jike. Filister anakusalimu na kuomba radhi, analia kila akimwona Mama. Hata Tonny amesema ukirudi atakunyoa bure. Mungu aliyekulinda ukiwa mtoto unayepanda nguzo za stima bila ruhusa akulinde na huko uliko, akufunike ukilala, na akulainishie moyo usome mpaka hapa.

Wabwire atakaa Juba siku mbili akishusha mzigo. Usimwambie tu kwamba uko sawa, maana Mama hatamwamini, anasema watu wa lori wana huruma za uongo. Hapa chini nimekuachia nafasi. Kama huna la kusema, au huna nguvu, sihitaji barua. Niandikie neno moja, FUTA, kwa herufi zako kubwa kama zile za ubavuni mwa mashine. Hizo Mama anaziona.

Ni mimi dada yako, akupendaye na kukuogopea,

Wanza.

Andika hapa: