Siku Nilipokataa Chai Ukweni

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Makongolosi nipo, mgongo unalalamika lakini kazi ya machimbo inaendelea. Bibi yako huko nyumbani amemaliza kuvuna maharage.

Unauliza kama urudie kahawa, maana tangu uiache kichwa kinauma na masomo hayaingii. Usirudie. Mimi niliacha chai ya rangi nikiwa kibarua wa kuchuma chai Mufindi, kwa sababu moyo ulinienda mbio na usingizi ulinihama. Siku ya tatu kichwa kilikuwa kinapasuka, na ndiyo siku niliyokwenda na mshenga kumposa bibi yako. Wakanimiminia kikombe, nikakisukuma pembeni bila kueleza sababu.

Shangazi yake akawaka: "Mshahara wake ni wa chai, halafu yetu anaidharau! Mchumba gani huyu?"

Nikaona mke anaponyoka. Nikasema, "Shangazi, naumwa kwa kuiacha. Nipeni uji, nitamaliza chungu."

Wakacheka. Nilikunywa mabakuli matatu, nikapewa mke. Wiki iliyofuata kichwa kilinyamaza, nikalala mpaka jogoo akachoka kuwika.

Wenzako bwenini wakikukaribisha kahawa, waeleze ukweli, uombe kitu kingine. Vumilia siku chache tu, mama. Utaamka mwenyewe, bila kahawa.

Babu yako