Unyayo wa Mnyama Wako, Baba

Shikamoo Baba,

Huku Kakamega mvua inaanza saa nane mchana kila siku, kama imeajiriwa. Mimi mzima na nimeshiba.

Leo asubuhi nilikwenda Mto Isiukhu, kwenye daraja mlilojenga wewe na wenzako ujanani, kumtafuta yule mnyama wako mwenye miguu ya bata na sharubu za paka, aliyekupigia mluzi. Nakiri nilikwenda huku nacheka, kama tunavyokucheka nyumbani miaka yote. Nikatembea ukingoni nimeinama mpaka kiuno kikaniuma, naona kwato za mbuzi tu. Kisha kwenye tope laini nikaona nyayo za vidole vitano, na kati ya vidole ngozi. Kando yake, maganda ya kaa yaliyotafunwa.

Nikamwita mama mmoja aliyekuwa akifua hapo, Mama Muhonja, nikamweleza nyayo hizo. Hata hakuinua kichwa.

"Huyo ni fisi maji. Tunamuonanga kila asubuhi. Anatumalizianga samaki, na akikuona anakupigia mluzi."

Nilikaa chini kwenye majani, Baba. Mama Muhonja akadhani ni njaa, akanichukua kwake akanilisha obusuma, huo ugali wao, na kuku.

Asante kwa kutuhadithia bila kuchoka. Niwie radhi kwa kicheko changu. Unyayo wenyewe nimeuchora hapa pembeni, ukubwa ule ule. Ami Salim, anayekucheka kuliko sisi sote, akija, iweke kadi hii mbele yake, kisha ummiminie kahawa na usiseme neno.

Mwanao akupendaye,
Zuhura