Kisu Alichoomba Hayat

Buyenzi, Bujumbura
Jumanne, baada ya Alasiri

Kwa dada yangu Khadidja,

Assalam aleikum warahmatullahi. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, na kwamba magoti yako yamepatana na ngazi za hapo Kigoma. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Asiya anakusalimu sana na anauliza kama ule mkeka aliokutumia ulifika, au yule aliyeubeba ameamua kuulalia mwenyewe. Mimi ni yuleyule unayemjua: tumbo linatangulia, mimi nafuata, na tangu Ramadhani nimeshakalia miwani ya tatu.

Utashangaa kupata barua. Mwanamume ana simu mbili mfukoni na bado anaandika kama karani wa zamani! Nilijaribu, dada. Nilikurekodia ujumbe wa sauti asubuhi nzima, na kila nilipofika mahali fulani sauti ikawa si yangu, nikafuta. Basi uvumilie mwandiko.

Habari za Hayat zimenifurahisha mno. Yule mtoto tuliyemleta kwako kwa basi akiwa na miaka tisa, akilia njia nzima, si kwa ajili ya baba yake maskini bali kwa ajili ya paka aliyebaki, leo anafungua karakana yake ya mikoba ya ngozi! Umesema hataki cherehani wala pesa kutoka kwa baba yake mdogo. Anataka kitu kimoja tu: kile kisu cha kukunja cha baba yake, cha Kifaransa, chenye mpini wa pembe, ambacho marehemu ndugu yetu Ilias alinipa aliporudi kutoka Marseille na ambacho mimi nimekitunza sandukuni tangu ajali. Umesema nije nacho Ijumaa ya wiki ijayo, akatie ngozi yake ya kwanza mbele ya watu.

Sasa sikia alichofanya mdogo wako. Siku ileile nilipopata ujumbe wako, nilitoka kwenda kutafuta kisu cha kununua. Nakuona unavyokunja uso. Mtu mwenye kisu sandukuni anatafuta kingine cha nini? Ngoja, nitafika.

Nilikwenda kwa Aboubacar, yule muuza vipuri jirani na msikiti, ambaye chini ya vichujio vya mafuta ana droo ya vitu anavyoviita vya waheshimiwa. Alikuwa nacho, dada. Kiwanda kilekile. Akakiweka juu ya kitambaa kama mtu anayelaza mtoto. Ubapa mwembamba, mpini wa pembe ya ng'ombe yenye mawimbi ya maziwa na chai, na komeo dogo la chuma ambalo ukikifungua linasema “kla”, basi hakijikunji tena mpaka wewe utake. Nikasema bei yake ni ya cherehani mbili. Aboubacar akajibu kwamba cherehani haiingii mfukoni. Nikasema mimi ni mshonaji wa viti vya magari, nakata sponji na ngozi ya bandia, si mfalme. Akanicheka mbele ya wateja: “Weye mi nakujua, fundi. Utakishika, utakinusa, utakisifu, halafu utaenda kununua ya Wachina. Franchement, kusema kweli, weye ni mutu wa ya Wachina.”

Watu walicheka, nami nikacheka, lakini neno lile lilinichoma pale asipojua.

Kisha nikafanya kosa. Nilimuuliza pembe huchukua miaka mingapi kuwa nyeusi kwa jasho la mkono. Akaacha kucheka. Akaniambia polepole kwamba hata uzee unauzwa, tena rahisi kuliko kisu: chai nzito, chumvi, siku kadhaa kwenye mchanga wenye maji, na mtu hatajua kama kimekaa sandukuni wiki au miaka kumi. Nilimwomba tu nikijaribu kwanza. Unajua desturi ya hapa kwetu, pompu ya dizeli huilipii kabla hujaiweka kwenye gari ukaisikia. Akasema kisu si pompu. Nikamwachia mkasi wangu mkubwa, ule wa mzee wetu, uwe rehani, akanipa hadi Jumatatu.

Asiya alipokiona aliuliza kama tumekuwa matajiri bila yeye kuarifiwa. Nikamwambia ni cha Hayat. Akasema: Si umesema cha Hayat kiko sandukuni? Nikaenda kutawadha kabla wakati wa sala haujafika, na hapo ndipo mke wangu alipojua kuna jambo.

Dada, sandukuni hamna kisu. Hakijawahi kuwamo. Nilitaka kununua hiki, nikizeeshe kwa chai na mchanga, nimwekee mtoto wa Ilias mkononi nikisema: kishike, ni cha baba yako. Ndicho nilichokuwa naamua wiki nzima hii, si bei.

Na pengine ningefanya, kama si magari. Tangu ziwa lilipopanda na kuingia nyumba za watu, napokea magari yaliyolala majini. Wenyewe wanataka viti vipya. Kila gari lina mstari wa kahawia unaoonyesha maji yalipofikia, na katika mengi mstari huo uko kwenye kiti cha dereva, sawa na kifua cha mtu aliyekaa. Mimi nauona mstari, halafu namwona aliyekaa. Mchana kweupe, redio inaimba, mafundi wanagombana kuhusu mpira, na mimi namsikia Ilias akisafisha koo nyuma yangu kama alivyokuwa akifanya kabla ya kunitania. Nageuka. Ni kiti. Ndiyo maana mikanda ya usalama ya magari hayo siishoni kamwe. Wateja nawaambia uzi umekwisha. Mtaa mzima unajua mimi ni fundi nisiye na uzi.

Jumapili, baada ya Adhuhuri, nilikuwa peke yangu karakanani. Nikachukua mkanda kutoka gari moja la namna ya lile la ajali, nikaulowanisha kwenye ndoo, nikaufunga kwenye kiti, nikasimama nje ya mlango na kupitisha mkono dirishani. Nikafungua kisu. “Kla.” Nikavuta mara moja. Mkanda ukaachia kama uzi wa kushonea. Nikafunga mwingine, nikafumba macho. Mara moja. Nilikata mikanda saba, dada, na Asiya aliyeniletea chakula alinikuta nimekaa chini katikati ya vipande, akadhani nimeanguka.

Mnachokijua nyinyi ni hiki: mvua ya Aprili, barabara ya Rumonge, daraja dogo limefunikwa na maji, gari likateleza na kulala korongoni. Mimi nikatoka dirishani. Kifungo cha mkanda wa Ilias kikagoma. Nikaukata kwa kisu chake, nikafika nusu, maji yakatuwahi, na vidole vyangu vikachanwa na kioo. Matangani uliushika mkono huu ulivyokuwa umefungwa bandeji, ukawaambia watu kwamba hata chuma cha Ulaya hakishindani na saa iliyoandikwa. Watu wakaitikia. Nami nikaitikia.

Haikuwa hivyo. Kisu alichonipa Ilias nilikuwa nimekiuza miezi mitano kabla. Niliona ni upuuzi kukatia sponji kitu cha thamani ile. Sokoni kulikuwa na cha kufanana nacho, mpini wa plastiki wenye rangi ya pembe, hata mawimbi waliyachora. Nikauza kile, nikanunua hicho, na kwa chenji nikanunua vile viatu vyeusi vyenye ncha nilivyovaa harusi ya Huseni. Wewe mwenyewe ulisema nafanana na balozi. Sikumwambia Ilias, kwa sababu aliona fahari kila nilipokitoa mezani kukatia embe.

Ndani ya maji hakupiga kelele. Alikuwa mtulivu kuliko mimi niliyekuwa huru. Aliniambia: “Muba, toa kile kisu, mukanda huu ni kazi ya dakika moja.” Alikuwa akitabasamu, dada. Alikuwa na imani na kisu chake. Nikaanza kukata. Kikajikunja juu ya vidole vyangu. Nikakifungua tena, nikasukuma, kikajikunja tena, na ncha ya kidole hiki ikabaki humo. Hakukuwa na kioo. Mara hiyo ya pili mkono wangu ulikuwa karibu na uso wake, naye akauona mpini. Akauangalia. Akaniangalia mimi. Alijua. Hakusema neno baada ya hapo, na maji yalikuwa bado kifuani. Alikuwa na muda wa kusema.

Miaka kumi na moja nimejifariji kwamba hata kile kizuri kisingefaa, kwamba mkanda uliolowa haukatiki na muda haukutosha. Sikuwa nimepima. Jumapili nimepima. Ukiniuliza kama kisu cha bei ile kina thamani ya pesa zake, jibu ninalo: kinayo, mpaka franga ya mwisho.

Jana nilimrudishia Aboubacar. Aliuliza kama nimekikuta na kasoro. Nikamwambia hakina. Akauliza kama basi ni bei, akawa tayari kupunguza. Nikamwambia asipunguze, ni halali yake. Akanipa mkasi wa mzee na hakunitania, jambo ambalo kwa Aboubacar ni kama kutoa rambirambi.

Nakuomba umsomee Hayat barua hii kabla sijafika, na usimrukishie sehemu yoyote, hasa ile ya viatu. Ijumaa nitakuja kama tulivyopanga, mikono mitupu. Sitakuja moja kwa moja nyumbani kwako. Nitashukia nyumba ya wageni iliyo karibu na stendi, nikae hapo hadi Jumapili. Akitaka kuniona, mtume mtu. Akitaka kuja kunitukana, mlete mwenyewe, barabara ina vumbi na yeye ana kifua. Asipotaka lolote, nitapanda basi la kurudi, wala usimlazimishe kwa kumwambia mimi ni mzee.

Asiya ameisoma barua hii yote. Amenifungia nguo za safari. Wasalimie jirani zako wote, na magoti uyapake ile dawa, usiiache kabatini ikizeeka.

Ni mimi mdogo wako, ambaye uliwaambia watu kwa miaka kumi na moja kwamba alipigana na maji, na ambaye anakuomba sasa usiwaambie hivyo tena,

Moubarak