Baba Alizaliwa Ng'ambo

Ujiji, Kigoma
12 Aprili 2026

Mpendwa Bibi Skolastika,

Shikamoo. Kwako wewe uliye mkubwa wetu sote, kwako Baba Mdogo Anatoli, mdogo wa marehemu baba yetu, shikamoo, kwenu mashemeji, na kwenu ndugu zangu na watoto mliokusanyika hapo Mpanda kwa kikao cha familia, nawasalimu kwa heshima na mapenzi. Feliksi, ninakuomba uwasomee barua hii. Soma kwa sauti na usiruke neno, hata utakapomwona Baba Mdogo, baba yako, ananuna.

Magoti yanaendeleaje, Bibi? Nilisikia masika ya mwaka huu yamekutesa. Huku tu wazima, ila tumechoka na maneno ya watu.

Mnajua kwamba mgombea aliyeshindwa na mdogo wangu Jovita amefungua kesi kupinga ubunge wake. Anadai kuwa baba yetu Yona aliingia nchini mwaka 1972 pamoja na wakimbizi, hakuwahi kuwa raia, na kwa hiyo binti yake hakustahili kugombea. Juzi nilikwenda Katonga kununua migebuka, muuza samaki mmoja akapaza sauti: "Dada wa mbunge! Boti ya Bujumbura inaondoka, hupandi?" Nikamjibu aniwekee nafasi ya mbele, nikirudi nitamletea kitenge. Watu walicheka, naye akanipunguzia bei. Lakini nilifika nyumbani nikashindwa kula.

Jambo hili limevuka kiti cha Jovita. Happiness, binti wa kaka yetu, ameomba kitambulisho cha taifa, akaambiwa asubiri kwanza kesi ya shangazi yake iishe. Baba akihesabiwa mgeni, sisi sote tuliotoka kwake tutaanza kuulizwa.

Sasa naja kwako, Baba Mdogo, kwa adabu zote. Ulinipigia simu ukasema: "Wewe Edina, ualimu umekuharibu. Tuseme Yona kazaliwa kijijini kwetu Kidahwe, basi! Watamuuliza nani, wafu?" Ukamwandalia Bibi maelezo ya namna hiyo ili aweke dole gumba. Najua ulifanya hivyo kwa kutupenda.

Lakini wa kuulizwa yupo, na yu hai. Wiki iliyopita upande wa pili ulimleta shahidi kutoka Nyanza, ng'ambo ya mpaka, Mzee Castory. Aliapa kwamba Yona alizaliwa nyumbani kwao, na kwamba yeye mwenyewe, akiwa mtoto, alisikia kilio chake cha kwanza. Hakuulizwa kwa nini mtoto yule alizaliwa pale, wala alikwenda wapi baadaye. Alipotoka nje alisimama mbele yangu, akanitazama sana. "Wewe ni wa Yona," akasema. "Paji hilo ni la dada yangu Winfrida." Ndugu zangu, yule ni kaka wa bibi yetu mzaa baba! Nilimwamkia. Akaniuliza: "Yule binti aliyemsindikiza dada, Skolastika, bado yupo? Alikuwa akila kuliko wavuvi!"

Bibi, hapo ndipo nilipokumbuka uliyokuwa ukitusimulia jikoni tukiwa wadogo, kabla hamjaanza kuyanyamazia. Bibi Winfrida alikuwa na mimba ya kwanza, na kwa desturi mwanamke huzaa kifungua mimba mikononi mwa mama yake. Akapandishwa mtumbwi kwenda kwao Nyanza, nawe, wifi yake mdogo, ukatumwa umsaidie. Shingo ya mtoto ilipokaza, ulimrudisha Kidahwe mgongoni mwako, kwa kaka yako Pastory, babu yetu, mzaliwa wa Kidahwe, aliyekuwa akiwangoja na shamba lake. Yote hayo yalikuwa kabla ya Uhuru.

Wakili wetu, Bwana Mudathir, anasema kuzaliwa kule hakumwondolei Yona uraia, maadamu baba yake alizaliwa na kuishi huku. Kinachotupasa kuthibitisha ni kwamba mtoto yule ni wa Pastory, na kwamba alirudi akakulia hapa. Shahidi wa hayo ni mmoja tu, ni wewe, Bibi. Ukinaswa ukidanganya kuhusu kuzaliwa, Jaji hatakusadiki kuhusu kurudi, na tukipoteza kurudi tumepoteza kila kitu.

Nafahamu hofu ilikotoka. Kila palipokuwa na msako wa wahamiaji, tulijifunza kutotaja Nyanza, hadi watoto wetu hawajui kwao Bibi Winfrida ni wapi. Mimi nimechoka kumficha. Wala sitakaa mahakamani nimwite kaka yake mwongo wa kukodiwa, wakati amesema kweli tupu.

Jovita nimemweleza yote, pamoja na hatari yake, kwa kuwa hukumu haina dhamana. Akasema: "Dada, nikishindwa nishindwe nikiwa na bibi zangu wote wawili."

Nisalimieni jirani yenu Mama Wema, na mumwambie mbegu alizonipa zimeota vizuri. Ndugu yetu Diana na watoto wake wanawasalimu. Mungu awape afya, na amlaze baba yetu mahali pema.

Uamuzi wa sisi wa huku ni huu, nao tunauleta mbele yenu muutekeleze kabla kikao hakijafungwa. Maelezo yale yachanwe leo, mbele ya wote. Bibi aje Kigoma kabla ya Alhamisi ya tarehe ishirini na tatu, siku ambayo mashahidi wetu wataanza kusikilizwa. Baba Mdogo, tunakuomba umlete wewe mwenyewe, umshike mkono hadi kizimbani, kisha ukae nyuma umwache aseme: alikwenda na nani, alimbeba nani, alimrudisha wapi.

Mjukuu wako, nikupendaye kwa moyo wote,
Edina Yona