Mwendo wa Kwenda kwa Yaya Masika

Alhamisi jioni, Bwera. Mvua imekatika, lakini mlima bado umejifunika mawingu hadi miguuni. Naandika hapa kwa sababu nyumba imejaa watu na sina wa kuzungumza naye.

Yaya Masika amefariki leo. Yaya, kwetu Butembo, ni dada mkubwa.

Mchana nilikuwa kwangu Kasese. Binti yake akapiga simu kutoka hospitali ya hapa Bwera: mama anakutaja, njoo upesi. Jirani yangu Swaibu, dereva wa Hajji mmoja mwenye duka, alikuwa akipeleka sabuni mpakani. Akanipandisha mbele ya pikapu.

Hajji ameweka kwenye simu ya Swaibu programu ya kuchunga mwendo. Inafuata gari kwa setilaiti na inajua kila kipande cha barabara kinaruhusu mwendo gani. Ukizidisha, inalia, kisha sauti ya mwanamke inakuonya. Usipoisikiliza, taarifa inamfikia Hajji dukani.

Baada ya kupita Kikorongo ililia mfululizo.

"Mzee, hii mama haichoki," Swaibu akasema. "Hata bibi yangu iko na saa ya kunyamaza."

Nilicheka. Yaya ananisubiri, nami nilicheka.

Hajji akapiga simu. "Swaibu! Nani anakukimbiza?"

Swali hilo lilinichoma. Tulipovuka mpaka zamani, tukitoroka kwetu Butembo, yaya alinivuta mkono, mimi nikilia kwamba miguu inauma. Siku ile tulijua nani anatukimbiza. Leo hakuna aliyenikimbiza. Nilikuwa nakimbilia.

Nikamweleza Hajji. Akasema, "Pole sana, mzee wangu. Swaibu, peleka mzee. Leo hiyo kelele sitaihesabu."

Basi hakukuwa na wa kutuzuia. Swaibu akakanyaga mafuta.

Tulipokaribia Kisinga lami ilikuwa imelowa na shule zimefungua milango. Watoto walitembea katikati ya barabara, sweta zimefunika vichwa vyao wasinyeshewe, hawaoni mbele wala nyuma. Ile programu ikalia tena. Swaibu akanitazama. Aliniachia mimi uamuzi.

"Pole pole, mutoto wangu," nikasema.

Tukawafuata kwa mwendo wao hadi wa mwisho akakata kona ya kwao.

Nilipoingia wodini, shuka lilikuwa limeshavutwa hadi juu ya uso wake. Nikaushika mkono. Ulikuwa na joto.

"Alikungoya, mujomba," binti yake akasema. "Ni sasa hivi tu."

Joto lile ndilo linaloniumiza. Mkono ungekuwa wa baridi, ningejua kwamba nisingemkuta kwa vyovyote.

Sijui kama nilifanya vema. Nawaza watoto wale wakila chakula chao cha jioni, na bado namtaka dada yangu.

Kesho asubuhi tunamzika. Wanawe wataniuliza nilichelewa wapi. Sitasingizia mvua, wala ile simu. Nitawaambia mwendo ule niliuchagua mwenyewe, kisha waseme watakalo.