Joho Lililobaki Mchombe

Jumapili, 3 Agosti 1958

Kura tatu! Nimesoma tangazo la boma mara nne nikidhani macho yamechoka. Mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Mhindi mmoja. Ukimwacha mmoja, karatasi yako nzima inatupwa. Huu si uchaguzi. Ni kulishwa kwa nguvu. Na apige kura nani? Mwenye darasa la nane, au kipato wanachokitaka wao, au cheo. Kijiji kizima cha Mchombe wenye sifa ni wawili, na mmoja yuko hospitali.

Nimemwambia Tekla kwamba siendi. Nasusa.

Akasema majirani wote watajua, maana mume wake hasusi kimyakimya. Mke wangu ana ulimi. Nilimwoa nikijua.

Jumatano, 6 Agosti

Wakili Marselino amefika kutoka Morogoro, gari jekundu kwa vumbi. Anagombea kiti cha Wahindi. Ni Mgoa, mtoto wa fundi cherehani, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha makarani wetu. Miaka mitatu ametetea mashamba ya mpunga ya Mchombe dhidi ya kampuni iliyopewa hati na serikali ili ilime pamba. Kesi ya kwanza tulishindwa. Rufaa itasikilizwa Mahenge mwezi wa Desemba, jaji wa Mahakama Kuu atakapopita. Hupita mara moja tu kwa mwaka.

Akaniambia: Mwalimu Hermenegildi, ukisusa wewe watasusa na wengine, na kiti kile atakikalia rafiki wa kampuni.

Tulibishana saa mbili. Nikashindwa. Naliandika neno hilo kwa shida.

Jumamosi, 16 Agosti

Mkutano Mchombe. Wazo la joho lilikuwa langu — nilitaka watu waone wanamtuma nani. Wakili akalivaa juani, joho jeusi la mahakamani, jasho likimtiririka mpaka kwenye viatu. Mzee mmoja nyuma akauliza: padri huyu anasoma misa ya nani? Kicheko! Hata wakili alicheka.

Kisha nikasimama mimi. Nakumbuka kila neno. Mpelekeni mwanasheria wenu kwenye Baraza la Kutunga Sheria, nilisema, nanyi mtakuwa na mdomo Mahenge na mdomo Dar es Salaam! Vigelegele.

Joho lilikuwa limelowa chapachapa. Balbina akalichukua. Ni mjane, na jina lake ndilo la kwanza kwenye kesi. "Liache, baba wakili. Nitalifua. Siku ya kesi nitakuvalisha mwenyewe."

Jumatatu, 8 Septemba

Nimepiga kura. Zote tatu. Mkono ulikuwa mzito kama jembe la mtu mwingine.

Watu wa Mchombe, ambao hawana kura, wamewavusha mtoni wenye kura. Mitumbwi kumi na miwili tangu alfajiri, na Balbina akiusukuma wake kwa pondo. Karani mmoja wa ng'ambo ya mto alilalamika kwamba kiatu chake kimelowa. Nikamwambia leo kiatu chake kina kazi kuliko kichwa chake. Tekla akanivuta koti.

Ijumaa, 19 Septemba

Ameshinda! Ngoma Kibaoni mchana kutwa. Sauti imenikauka. Sijali.

Jumapili, 19 Oktoba

Mheshimiwa amekuja kutushukuru. Suti mpya. Ameteuliwa kwenye kamati ya serikali inayoshughulikia ardhi. Akaniambia: Ardhi, Mwalimu! Si ndiyo tuliyoitaka?

Nikamwuliza kuhusu Desemba. Akatazama saa yake. Akasema yeye sasa ni wa jimbo zima, si wa Mchombe peke yake.

"Ulipokuwa ukila wali wa Mchombe ulikuwa wa jimbo gani?"

Akacheka, akanipiga bega. Sikucheka.

Alhamisi, 13 Novemba

Barua. Hatakuja.

Mjumbe wa kamati ya ardhi, anasema, haruhusiwi kusimama mahakamani kuipinga hati ya ardhi iliyotolewa na serikali. Ameuliza, ameambiwa achague: kesi au kamati. Kwenye kamati, anaamini, atawafaa wakulima wengi zaidi. Ametafuta wakili mwingine. Hakuna anayetaka kupanda milima ya Mahenge mvua zikianza. Wenye mashamba wajieleze wenyewe. Jaji atawasikiliza.

Tulimchagua wakili wetu, na kwa kumchagua tumempoteza. Wala si mwizi! Mwizi ningejua la kumfanya. Huyu ananiandikia kwa adabu, anamsalimu na Tekla.

Nimemjibu kurasa saba. Hakuna mtu aliyewahi kustahimili kurasa zangu saba. Padri aliyenifukuza ualimu aliomba suluhu kwenye ukurasa wa tano.

Watu wa Mchombe sijawaambia. Ajibu kwanza.

Ijumaa, 28 Novemba

Kimya. Nimempelekea kurasa nyingine nne, kali zaidi.

Tekla ameacha kutwanga, mchi mkononi. Waambie watu, amesema. Balbina bado ana wiki mbili za kujifunza atasema nini. Nikasema wakili atakuja. Akasema: "Unamwandikia aliyekwisha kukataa. Wanaongoja huwaambii kitu."

Nikaenda kutafuta stempu. 

Jumatano, 10 Desemba. Mahenge

Barazani, nje ya mlango wa mahakama. Baridi na ukungu. Barabara haionekani kupita hatua thelathini. Tumepanda kwa miguu, watu kumi na tisa. Njiani nilifungua kinywa mara tatu. Mara ya kwanza walikuwa wanaimba. Mara ya pili Balbina alinigawia muhogo wake. Ya tatu sina kisingizio.

Mwanasheria wa kampuni yuko ndani tayari, na mafaili.

Balbina amekaa mkabala nami. Joho liko magotini, limefuliwa, limepigwa pasi ya mkaa, linanuka sabuni. Kila gari likinguruma ndani ya ukungu analikunjua. Likipita, analikunja upya, mkunjo juu ya mkunjo. Magari matatu mpaka sasa.

Angeweza kujisemea. Anakijua kila kijaruba, nani alikilima kabla ya nani, mafuriko ya mwaka gani yalichukua mpaka upi. Kwa wiki nne ningemfundisha aanze wapi, ajibu vipi. Wiki nne nilikuwa nabishana na mtu wa Dar es Salaam asiyenijibu.

Barua iko mfukoni.

Balbina ananiambia: "Mwalimu, acha kuandika. Nenda barabarani ukamwangalie, asije akapotea na ukungu huu."

Nimesema naam. Sijainuka.

Karani ametoka. Anaita: "Balbina binti Dionisi na wenzake!"

Wamesimama wote kumi na wanane. Wananitazama.

Ameita mara ya pili. Balbina amekuja mpaka hapa nilipo, joho mkononi. Ananiuliza polepole, kama anayeuliza njia: "Mwalimu, jaji akiniuliza wakili wangu yuko wapi, nimjibu nini?"

Nami bado naandika —